Neno «serendipity» si bahati tu

SWALI: Katika makala ya sayansi nimekutana na neno la Kiingereza «serendipity». Kamusi yangu ndogo inalifasiri kuwa «bahati». Je, tafsiri hiyo inatosha? — Msomaji, Tanga

JIBU: Haitoshi. Neno hili lina maana ya kugundua, kwa sadfa iliyoungana na werevu, jambo jema ambalo mtu hakuwa akilitafuta.

Lilibuniwa na mwandishi Mwingereza Horace Walpole katika barua aliyomwandikia rafiki yake Horace Mann tarehe 28 Januari 1754, akieleza kwamba alilitoa katika hekaya ya wana watatu wa mfalme wa Serendip, ambao safarini walikuwa wakigundua mambo wasiyoyatafuta. Serendip ni jina la kale la Sri Lanka, ambayo Waarabu waliiita Sarandib. Ndiyo kusema mzizi wa neno hili uko katika Bahari yetu hii ya Hindi, jambo linalonifurahisha sana.

Mfano maarufu ni wa mwanasayansi Alexander Fleming, ambaye mwaka 1928 aliona kuwa bakteria walikuwa wamekufa kando ya ukungu ulioota kwenye sahani yake ya maabara, na badala ya kuitupa akauchunguza ukungu huo, ambao ndio uliotoa penisilini, dawa ya kuua bakteria.

Kwa hiyo anayeshinda bahati nasibu hastahili neno hili, kwani hakutumia jicho la kutambua. «Ngekewa» na «sadfa» yanalikaribia, ila yote mawili hayabebi werevu. Mimi ningetafsiri «ugunduzi wa sadfa».