Shali ya matundu: usiifumue yote

Dadangu wa Likoni, umeuliza kama uifumue yote shali unayomfumia mamako kwa sindano, kwa kuwa kitanzi kimoja kimeponyoka sindanoni na idadi ya vitanzi haitimii. La, usiifumue yote! Rudi safu moja moja mpaka hesabu ikubali. Kisha tunga uzi mwembamba wa rangi nyingine kwenye sindano butu, uupitishe ndani ya vitanzi vyote vya safu hiyo, uuache humo. Ukikosea tena, utafumua hadi hapo tu. Mimi huutia kila baada ya safu 10, na umeniokoa mara nyingi.

Hesabu huharibiwa na tundu lililosahauliwa. Kila ukizungusha uzi kutoa tundu, kitanzi kimoja huongezeka. Basi viwili vifumwe pamoja, isipokuwa pale shali inapotakiwa kupanuka.

Pamba uliyochagua yafaa kwa joto letu la Mombasa, ingawa hainyumbuki kama sufu. Na usihuzunike ikionekana imejikunja. Ukimaliza iloweke, ikamue kwa taulo, itandaze juu ya godoro uibane kwa pini hadi ikauke kabisa. Hapo ndipo matundu hufunguka. Wakati wa masika, ipe hata siku mbili.