Tembe za presha asubuhi ya upasuaji

SWALI: Mama atapasuliwa ngiri Jumanne asubuhi. Humeza amlodipini na losatani za presha, na metfomini ya sukari. Ameze zipi? – Msomaji, Kayole

JIBU: Amlodipini ameze alfajiri, kwa funda moja la maji. Losatani kwa kawaida husimamishwa saa 24 kabla, kwani ikikutana na dawa za nusukaputi presha huporomoka na kukataa kupanda. Metfomini airuke asubuhi hiyo. Chai ya maziwa, hata nusu kikombe, ni chakula: iishie muda wa saa 6 kabla ya upasuaji, maji matupu, muda wa saa 2 kabla. Abebe pakiti zenyewe (“kile kidonge cheupe” hakimsaidii mtu) amwonyeshe daktari wa nusukaputi mapema, kwani ndiye mwenye neno la mwisho. Ataje na mitishamba. Hapo wengi hunyamaza.