Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Batian na Waliotangulia

Mwanangu mpendwa,

Ama baada ya salamu, nimeisoma barua yako uliyoiandika baada ya kushuka kutoka Lenana, kilele cha Mlima Kenya, na swali lako sikutaka kulijibu kwa simu. Umesema kwamba mkiwa pale juu, mwenzako wa kazini aliyanyoshea kidole yale magenge mawili yaliyo mbele yenu, Batian na Nelion, akadai kuwa wazee wetu waliishi chini yake karne na karne bila hata mmoja kuthubutu kuyapanda, hadi Mzungu alipokuja. Ukaniuliza kama kweli waliogopa. Nimefundisha jiografia hapa Nanyuki nusu ya umri wangu, na maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, kwa hiyo utanivumilia nikijibu kwa urefu.

Lenana, yenye mita 4,985, ni kilele cha kutembea. Mwenye pumzi, nguo nzito na subira hufika. Batian yenye mita 5,199 na Nelion yenye mita 5,188 ni mambo mengine kabisa. Hayo ni mabaki ya koo la volkano ya kale, mwamba mgumu uliobaki umesimama baada ya mlima uliouzunguka kumomonyoka, na hapandi mtu huko ila kwa kamba, na mwenzake wa kumshika akiteleza. Ustadi huo ni mpya hata kwa Wazungu wenyewe. Kilele cha Matterhorn, ambacho nacho kimechongoka hivyo hivyo, watu wa mabonde ya Uswisi na Italia walikitazama vizazi vingi kabla hakijapandwa mwaka 1865, na sijawahi kusikia mtu akiwaita waoga. Tena kwa Wagikuyu Kirinyaga, yaani mlima huu wetu, ni makao ya Ngai, Mungu wao. Waliomba wakiuelekea mlima huo, na mahali unapoelekea wakati wa sala si mahali pa kwenda kujipima nguvu.

Wala wageni hawakuugundua wenyewe. Krapf, mmisionari Mjerumani, aliuona tarehe 3 Desemba 1849 akiwa Ukambani, kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, ambaye alikuwa ameshamsimulia habari zake. Wasomi wa London ndio waliokataa kuamini kwamba panaweza kuwa na theluji kwenye ikweta.

Sasa tuje kwa Halford Mackinder, maana huyo ndiye mwenzako alimaanisha. Alikuwa mwalimu wa jiografia Oxford, na aliharakisha kwa sababu mbili: Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilikuwa imepandwa na Hans Meyer na Ludwig Purtscheller mwaka 1889, na reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika Nairobi Mei 1899. Mwezi Julai mwaka huo msafara wake uliondoka Nairobi ukiwa na Wazungu 6, Waswahili 66 kutoka pwani, Wamaasai 2 wa kuongoza njia na Wagikuyu 96. Zihesabu tena hesabu hizo, mwanangu. Chakula kilipungua hadi safari ikakaribia kuvunjika, na ikabidi watu watumwe hadi Naivasha kutafuta posho. Katika makaratasi aliyoyaacha Mackinder watafiti walikuta orodha ya wapagazi, na wanane kati yao wameandikiwa kwamba walipigwa risasi kwa amri. Jambo hilo hakulitaja katika taarifa aliyoichapisha. Ninakuandikia hili kwa sababu kila anayesema "Mackinder alipanda" anapaswa kujua gharama ya kupanda huko ililipwa na nani.

Kupanda kwenyewe kulikuwa kazi ya kweli, na sitaki uone kana kwamba naidharau. Mackinder alikuwa na waongozaji wawili kutoka Courmayeur, Italia: César Ollier na Joseph Brocherel. Walilala wamejibana kwenye mwamba wa upande wa Nelion, na kulipokucha wakavuka barafuto, yaani mto wa barafu, inayoning'inia chini ya vilele hivyo viwili. Barafu yake ilikuwa ngumu kiasi kwamba Ollier alilazimika kuchonga ngazi kwa shoka, hatua baada ya hatua, kwa saa kadhaa, na ndiyo maana Mackinder akaiita barafuto ya Almasi. Walifika Batian adhuhuri ya tarehe 13 Septemba 1899. Majina ya vilele aliyachukua kwa Wamaasai: Mbatian alikuwa laibon wao mkuu, yaani kiongozi wa dini, Nelion ni kwa ajili ya ndugu yake, na Lenana ni mwanawe.

Nelion haikuguswa siku hiyo. Ilipita miaka zaidi ya 29 bila mtu mwingine kufika Batian, na wanaosema kilele kikishapandwa mara moja kimekwisha wangelitafakari hilo. Tarehe 6 Januari 1929, Eric Shipton, kijana wa miaka 21 aliyekuwa anajifunza kilimo cha kahawa, na Percy Wyn Harris, ofisa wa serikali ya kikoloni, waliupanda uso wa kusini-mashariki wa Nelion, wakashuka katika pengo linaloitwa Lango la Ukungu, wakapanda tena hadi Batian. Njia hiyo ya Nelion ndiyo inayotumiwa zaidi hadi leo. Mwaka uliofuata Shipton alirudi na Bill Tilman kwa kigongo cha magharibi, ambacho ni kigumu zaidi.

Lakini njia ninayotaka uikumbuke ni nyingine. Kati ya Batian na Nelion, upande wa kusini, hushuka mfereji mwembamba wa barafu uliosimama karibu wima, na wapandaji waliutamani miaka mingi. Waliokuwa wa kwanza kuupanda, Oktoba 1973, ni Phil Snyder, mkuu wa hifadhi, na Thumbi Mathenge, Mkenya. Wamarekani Yvon Chouinard na Michael Covington walipokuja mwaka 1975 na kuunyoosha zaidi kwa juu, Mathenge alikuwa ameshapita humo. Mwambie mwenzako jina hilo. Miaka kumi kabla yake, usiku wa uhuru wa Desemba 1963, Kisoi Munyao alikuwa ameipeleka bendera ya Kenya juu ya mlima huu katika hali mbaya ya hewa. Basi kamba ilipofika mikononi mwa watu wetu, hawakuchelewa.

Ukitaka Nelion, kama ulivyodokeza, usiende kwa hasira ya mabishano. Anza kwenye miamba ya Lukenya, ujifunze kamba na kushuka kwa kamba hadi mikono izoee. Nenda Januari au Februari, kwani kwa kuwa tuko kwenye ikweta, miezi hiyo jua huangaza upande wa kusini na mwamba hukauka, ilhali upande wa kaskazini hungoja Juni hadi Oktoba. Ule mfereji wa Mathenge usiutegemee. Barafu yake ya chini imeyeyuka sana, na barafuto ya Lewis mliyoipita mkielekea Lenana nayo imebaki kipande tu. Tafuta mwongozaji anayeijua njia ya Nelion kwa kuipanda, si kwa kuisikia, na uniandikie jina lake kabla hujaondoka.

Ni mimi mama yako.