Ifunge tabia kwenye tukio, usiifunge kwenye saa: jibu kwa ndugu wa bodaboda wa Buzuruga

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba unaendesha pikipiki ya bosi unayempelekea hesabu, yaani fungu lake la fedha, kila siku, kijiwe chako kiko Buzuruga, na kwamba kila mwaka mpya unaazimia kuacha kubeti na kuanza kuweka akiba ya kununua pikipiki yako mwenyewe, lakini azimio hilo halijawahi kuvuka Januari. Umeuliza nidhamu inapatikana wapi. Nitajibu kwa kirefu, kwa sababu jambo hili nimelipitia upande wa pili wa mji huu huu wa Mwanza, kwenye biashara ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, na kwa sababu majibu mengi uliyokwisha kupewa yanakuhimiza uwe na moyo mgumu zaidi, ilhali mtu anayetoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri kwenda kusubiri abiria hahitaji kufundishwa ugumu wa moyo. Mimi nakuomba utazame ni wapi umeifunga tabia unayoitaka, na ni wapi ile usiyoitaka imejifunga yenyewe.

Ushauri unaosikika sana ni kufanya jambo saa ileile kila siku. Kwa karani au mwalimu, ambaye kengele ya kazi yake inalia wakati mmoja mwaka mzima, ushauri huo ni mzuri. Kwa watu wa ziwani ni mgumu kuutekeleza. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta vizuri pale tu anga linapokuwa na giza. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wake hufunika maji yote, dagaa hawakusanyiki kwenye taa, na wavuvi wengi huipumzisha mitumbwi mpaka giza lirudi. Kwa hiyo kuna majuma ambayo mzigo kutoka Ukerewe na visiwa vingine unafuatana bila nafasi ya kupumua, na kuna majuma ambayo tunakaa tukihesabu magunia yaliyobaki stoo. Katika maisha ya namna hiyo, tabia iliyopangiwa saa moja jioni hudumu mpaka boti ya kwanza ichelewe. Na kwako ni vivyo hivyo, maana siku ya mvua, siku ya mechi na siku ya mwisho wa mwezi hazifanani hata kidogo, na ratiba uliyoiandika Januari ilidhani zinafanana.

Nilipotaka kuwa na tabia ya kuandika hesabu ya biashara, nilitafuta kitu ambacho hakibadiliki iwe giza au mbalamwezi, nikaona ni kimoja tu: hakuna siku ninayoondoka Mwaloni bila kufunga kufuli la stoo. Nikafunga daftari dogo kwa kamba pamoja na ufunguo wa kufuli hilo, kalamu ikiwa ndani yake, na nikajiwekea sharti jepesi kwamba kabla ya kugeuza ufunguo nitaandika mstari mmoja: kilichoingia na kilichotoka. Sikujipangia kufanya hesabu kamili wala kujua faida ya siku. Mstari mmoja unaweza kuandikwa na mtu aliyechoka, aliyenyeshewa, aliyegombana na dalali, hata anayeitwa na gari la mwisho la kurudi nyumbani. Baada ya muda mistari ikawa miwili, kisha ukurasa, kwa sababu mtu akishashika kalamu na kuona tarakimu ya leo chini ya ile ya jana, mkono unataka kuendelea wenyewe. Hata hivyo sharti lenyewe sikulipandisha kamwe. Mpaka leo, siku ikiwa mbaya, mstari mmoja unatosha na daftari linafungwa kwa amani.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba wataalamu wa saikolojia wamelichunguza jambo hili kwa makini. Peter Gollwitzer alionyesha katika maandishi yake ya mwaka 1999 kwamba mtu anayepanga kwa muundo wa «likitokea hili, nitafanya lile» hutekeleza nia yake zaidi kuliko yule anayesema tu kwamba amekusudia. Na huko London, watafiti wa University College London wakiongozwa na Phillippa Lally waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akiwa amechagua jambo moja dogo la kula, kunywa au kufanya mazoezi, na kulifanya kila siku likifuata tukio lilelile, kwa mfano kifungua kinywa. Jambo hilo lilichukua takribani siku 66 kwa mtu wa kati mpaka likawa linafanyika bila kulifikiria, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Nakuomba uikumbuke namba hiyo ya 254 kila utakapoambiwa kwamba tabia hujengeka kwa siku 21, kwa sababu mtu anayeamini 21 hufika siku ya 30 akiona bado anajilazimisha, akahitimisha kwamba yeye ana kasoro. Utafiti huo ulionyesha pia jambo ambalo ningependa liandikwe ukutani katika kila kijiwe: kukosa siku moja hakukuharibu kwa kiasi cha maana kile kilichokuwa kimejengeka.

Mama yangu, anayeishi Nansio kule Ukerewe, alikuwa akisahau dawa zake za shinikizo la damu ingawa anazithamini na hakuwahi kukataa kuzinywa. Ndugu zangu walikuwa wakimpigia simu kumkumbusha, naye alichukizwa na simu hizo kama ambavyo mzazi yeyote angechukizwa. Tulichofanya ni kuhamisha kikopo cha dawa kutoka kwenye kabati la chumbani na kukiweka juu ya kopo la majani ya chai, kwa kuwa asubuhi bila chai kwake haijapambazuka. Simu za kumkumbusha zikakoma, na heshima yake ikabaki kwake. Ukiangalia vizuri utaona kwamba mama hakuongezewa nidhamu yoyote.

Sasa nije kwenye akiba yako, kwa sababu kazi yako ina tukio zuri kuliko la kwangu. Wewe huwezi kufanya kazi bila kujaza mafuta. Kila unapojaza, toa shilingi 500 uitie mfuko wa ndani wa koti, mfuko ambao hauchanganyi na chenji, na jioni uitumbukize kwenye kibubu cha mbao kilichopigiliwa misumari. Uzuri wa mpango huu ni kwamba unafuata hali yako: siku ya abiria wengi utajaza mara nyingi na kuweka zaidi, siku kavu utajaza kidogo na kuweka kidogo, na hakuna siku itakayokudai usichokuwa nacho. Usianze na elfu tano kwa sababu umeona mwenzako anaweka elfu tano. Kiasi cha mwanzo kazi yake ni kuuzoesha mkono, na pikipiki itanunuliwa na mkono uliozoea.

Kuhusu kubeti nitakaa zaidi, maana hapo ndipo naona vijana wengi wa mji huu wakilaumiwa bila kusaidiwa. Kwanza uelewe unashindana na nini. Mwanasaikolojia B. F. Skinner na wenzake, katika majaribio yao ya ndege na wanyama yaliyochapishwa miaka ya 1950, walionyesha kwamba kitendo kinacholipwa mara moja moja bila kutabirika hung'ang'aniwa kuliko kinacholipwa kila mara, hata malipo yanapokatika. Mkeka, yaani ile orodha ya mechi unazozibashiri kwa dau moja, umejengwa juu ya tabia hiyohiyo ya viumbe. Mwaka 2009 Luke Clark na watafiti wenzake wa Cambridge walionyesha kwamba mtu anapokaribia kushinda akakosa, sehemu za ubongo zinazohusika na furaha ya kushinda huamka pia, na hamu ya kuendelea kucheza huongezeka. Kwa hiyo ule mkeka unaochanika kwa timu moja, ambao kijiweni mnausimulia siku nzima, haukufundishi kuacha. Unakurudisha kwenye simu. Ndiyo maana kujiambia kila unapopoteza kwamba «hii ndiyo ya mwisho» hakuna nguvu, kwa kuwa unajiambia wakati uleule ambao hamu iko juu.

Jiulize basi kubeti kwako kunafuata tukio gani. Umeandika kwamba mara nyingi ni kati ya saa nne asubuhi na saa sita, abiria wa asubuhi wakishaisha, ukiwa umekaa juu ya pikipiki, simu iko mkononi na hela za abiria waliolipa kwa simu zimo humohumo. Hayo ni mambo matatu yaliyokutana: kukaa bila kazi, simu, na hela iliyo tayari kutumwa. Usijaribu kuyaondoa yote. Ondoa moja kwanza, na mimi ningeanza na hela. Nilikuwa na kijana aliyekuwa akinipakilia magunia, mchapakazi kweli, ambaye ujira wake ulikuwa ukiishia kwenye mikeka kabla hajala chakula cha mchana. Aliniomba mwenyewe nusu ya ujira wake isipite kwenye simu yake kabisa, niiandike kwenye daftari langu na kumpa mkononi mbalamwezi ikifika, wakati kazi za kupakia zinapopungua na hela inapokuwa na maana zaidi. Hakuacha kubeti siku hiyo. Alibeti kidogo kwa sababu kilichokuwepo kilikuwa kidogo, na kadiri alivyozoea kupokea fungu la mbalamwezi, hamu ya mkeka wa kila siku ikalegea mpaka ikabaki mechi kubwa tu, na baadaye hata hizo akawa anazitazama bila dau. Leo ana mtaji wa kununua magunia yake mwenyewe.

Baada ya hela, shughulikia simu: futa programu ya kubeti, na ukishindwa kuifuta, jitoe kwenye akaunti kila unapomaliza ili kila mara ulazimike kuandika namba ya siri upya. Hatua hiyo ya sekunde chache inaonekana haina thamani, lakini tabia nyingi mbaya zinaishi kwa sababu njia yake ni fupi. Nchi yetu imetupa ushahidi wa jambo hili. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, watu tuliokuwa tukipokea rambo kwa kila kitunguu hatukuhubiriwa tukaongoka mmoja mmoja. Rambo halikuwepo mkononi mwa muuzaji, na kikapu kikarudi begani. Sitaki kusema kubeti ni sawa na rambo, nataka uone jinsi mazingira yanavyoweza kufanya kazi ambayo azimio peke yake haliwezi.

Kisha weka kitu pale palipokuwa na mkeka, maana pengo la saa nne litabaki na litatafuta cha kulijaza. Bao, kufuta pikipiki na kukagua mnyororo, kumpigia simu mteja wa kudumu, kusikiliza kitu cha kujifunza, chochote ambacho kinaweza kuanza ukiwa umekaa palepale. Ikiwa wenzako wote wa kijiwe wanabeti kwa sauti saa hiyo, hamia kwa muda upande mwingine wa stendi baada ya abiria wa asubuhi kuisha. Huwaachi marafiki zako, unawakimbia kwa muda mfupi tu wa siku yao.

Nina tahadhari moja ambayo naisema kwa uzito. Mabadiliko madogo yana mipaka yake. Kama umefika mahali pa kukopa ili ubeti, au unabeti hesabu ya bosi, au unaficha familia, hilo limepita kiwango cha daftari na kibubu, na unahitaji mtu wa karibu unayemwamini ashike fedha zako pamoja na mshauri wa afya ya akili katika hospitali kubwa. Na kwa wale waliouliza hapo juu kuhusu pombe: mtu anayekunywa sana kila siku, akitetemeka asubuhi asipopata, asikate ghafla akiwa peke yake nyumbani, kwa sababu mwili uliozoea pombe kwa kiwango hicho unaweza kupata degedege. Aanzie kwa daktari.

Kuhusu siku utakayoteleza, na itakuwepo, angalia ni tukio gani lililotangulia, uliandike kwa maneno machache, kisha siku inayofuata ujaze mafuta na utoe 500 kama kawaida. Usijitoze faini ya kuweka elfu mbili kufidia, kwa sababu faini huifanya akiba ionekane adhabu.

Kuna jambo moja hukulieleza, nalo litabadilisha ushauri wangu: je, bosi wako anapokea hesabu mkononi au kwa simu? Kama ni mkononi, unaweza kuanza leo kuwaomba abiria wa asubuhi wakulipe taslimu ili saa nne ikukute na simu tupu. Kama ni kwa simu, basi mwombe akuruhusu umtumie hesabu kwa mafungu mawili, na fungu la kwanza liondoke mara tu abiria wa asubuhi wakiisha, kabla hujakaa.