Kompyuta 40 za Windows: FOG, Chocolatey au opsi?

Ndugu, umeuliza uchukue ipi kati ya hizo zana tatu za kusimika mifumo na programu kwenye kompyuta nyingi, kwa maabara ya kompyuta 40. Kwanza, hazifanyi kazi moja. FOG inanakili diski nzima ya mashine moja na kuimwaga kwenye nyingine kupitia mtandao. Siku ya kwanza utaipenda. Kusukuma programu mojamoja baadaye inaweza, ila kwa kubangaiza.

Chocolatey, ya kusimika na kusasisha programu kwa amri, ni nyepesi: unaandika choco upgrade all -y (sasisha zote bila kuuliza), unakwenda kunywa chai. Lakini mashine 40 zikivuta kwa pamoja kutoka hazina yao ya umma ya programu, mnaweza kufungiwa kwa muda. Weka hazina yako ya ndani.

Mimi ningechukua opsi, ya Wajerumani. Seva inakaa kwenye Linux, inasimika hata Windows yenyewe kupitia PXE (kuiwasha kompyuta kwa mtandao badala ya diski yake), kisha kila kompyuta ikiwashwa inaiuliza seva kama kuna kifurushi chake, yaani programu pamoja na maelekezo ya kuisimika. Jasho liko kwenye kuandika vifurushi. Changu cha kwanza kilinila jioni nzima: nilisahau /S (ya kukiambia kisakinishi kisimike kimyakimya), kumbe kisakinishi kinamsubiri mtu abonyeze “Next”, na mtu hayupo! Baadhi ya nyongeza zake ni za kulipia, ila kwa maabara yako hutazihitaji. Jaribu na mashine mbili kwanza.