Kupanda na Kushuka Bila Kukwaruza: Ushauri kwa Wapiga Tarumbeta

Ukitaka kujua kama mpiga tarumbeta ameiva, achana na nota yake ya juu kabisa. Hiyo hata mwenye shingo ngumu tu anaweza kuipata siku moja moja. Msikilize anapotoka so ya chini kwenda do ya kati bila kugonga ulimi, halafu msikilize anaporudi. Hapo katikati ndipo anapoumbuka: sauti inakwaruza, au inakatika na kuibuka upya, au inaruka hadi mi ambayo hakuiita kisha inarudi kwa aibu. Sisi wa bendi za makanisa na za harusi hapa Mwanza tatizo hili tunalo kwa wingi, na nina maoni yangu kuhusu chanzo chake.

Wengi wetu tumekomalia tarumbeta juu ya pikapu. Jumamosi mnatoka kanisani na maharusi, mnakamata Barabara ya Nyerere, honi za magari kila upande, bodaboda wanazunguka msafara, na anayesimamia harusi anapiga kelele, "Jamani pigeni, mbona mmepoa?" Gari likiingia shimoni kipulizio kinakugonga meno, kwa hiyo unajihami: unakikandamiza mdomoni kwa mkono ili kisicheze. Ukishakikandamiza unagundua kwamba nota za juu zinatoka. Basi mkono unapata kazi mpya, na ukifika kwenye mazoezi ya kwaya siku ya Jumatano, penye ukimya, unaendelea kuutumia vilevile. Ubaya wa kukandamiza ni kwamba kunafaa kwa nyimbo tatu nne. Baada ya hapo damu haipiti vizuri kwenye midomo, inakufa ganzi, na kushuka kunakuwa kugumu kuliko kupanda.

Tuanze na jinsi chombo kinavyofanya kazi, maana wanabendi wengi niliowafundisha walijua vidole vya nyimbo nzima lakini hili hawakuwahi kuambiwa. Tarumbeta ukiiacha bila kubonyeza vali yoyote, vile vitufe vitatu vya vidole, ina ngazi yake ya kuzaliwa nayo: do ya chini, so, do ya kati, mi, so ya juu, kisha nota moja iliyolegea kidogo ambayo hatuitumii sana, halafu do ya juu. Ukibonyeza vali ya pili, ngazi yote inashuka nusu toni. Vali ya kwanza inaishusha toni nzima, ya tatu toni moja na nusu, na zote tatu kwa pamoja zinaishusha toni tatu. Hiyo inakupa mikao saba ya vidole, kama tromboni yenye nafasi zake saba za mkono. Katika kila mkao, kutoka nota moja hadi nyingine ni kazi yako na pumzi yako, vali hazikusaidii. Zamani hazikuwepo kabisa. Stölzel na Blühmel walipewa hataza ya vali huko Prussia mwaka 1818, na kabla ya hapo wapigaji wengi walitegemea midomo na pumzi tu. Baragumu linalolia Siku ya Mashujaa, 25 Julai, mpaka leo halina vali hata moja.

Sasa itazame hiyo ngazi kwa macho ya mwanakwaya. Kutoka do hadi so unaruka re, mi na fa. Kutoka so hadi do unaruka la na ti. Kutoka do hadi mi unaruka re peke yake, na kutoka mi hadi so unaruka fa. Yaani kadiri unavyopanda, ngazi zinasogeleana. Hapa ndipo vijana wengi wanapopotea. Wanadhani nota ikiwa juu zaidi, nguvu ya kuifikia lazima iwe kubwa zaidi, wanajikusanya kama mtu anayetaka kuruka mtaro, kumbe mi ilikuwa hapo jirani. Wanaipita, wanaangukia so, halafu wanalaumu chombo. Huko juu unachohitaji ni kusogea kidogo sana na kutulia.

Kinachosogea ni nini? Piga mluzi. Anza na sauti ya chini, ipandishe taratibu, ishushe. Utagundua kwamba midomo haikufanya jambo kubwa, ulimi ndio uliopanda kuelekea kaakaa na kuifanya njia ya hewa iwe nyembamba. Kwenye tarumbeta ni hivyohivyo. Mpiga horni (ndugu wa tarumbeta mwenye bomba la mviringo) wa Marekani, Peter Iltis, alishirikiana na watafiti wa Göttingen, Ujerumani, wakawapiga picha za MRI, mashine inayoonyesha ndani ya mwili, wapiga horni wakiwa wanapuliza, na ulimi ukaonekana ukipanda na kushuka ndani ya kinywa kadiri nota zinavyobadilika. Sisi tuna bahati, irabu zetu zimenyooka. Sema "aa" kisha "ii" bila kukata sauti: aaa-iii-aaa. Umeshajua unachotakiwa kufanya. Nota ya chini fikiria "aa", ya juu yake "ii". Ukitembea ngazi ndefu, pita kwenye "oo", "aa", "ee", "ii". Usiseme kwa koo, ulimi tu ndio uchukue umbo hilo huku pumzi ikienda.

Na pumzi iende kweli. Hili nalirudia kwenye kila zoezi mpaka vijana wanacheka. Mtu akikaribia nota mpya, anapunguza hewa bila kujijua, anasita mlangoni, halafu anasukuma kwa ghafla. Hapo ndipo kikwaruzo kinapozaliwa. Dawa yake ni kuijaza nota ya kwanza mpaka ukingoni. Ukishika so kwa mapigo manne, pigo la nne liwe limejaa hewa kuliko la kwanza, na kwenye mwendo huohuo ulimi upande. Do itakuja yenyewe. Isipokuja, usiilazimishe, rudi kwenye so ukaijaze tena.

Kushuka ndiko ninakowaanzishia wageni, na najua walimu wengine wataguna. Sababu yangu ni kwamba anayeshuka hana cha kukandamiza, kwa hiyo mkono hauna kisingizio. Shika so ya chini kwa sauti ndogo, kisha teleza hadi do ya chini. Angalia mambo mawili tu. Kona za midomo zisilegee, zibaki zimeshika pale pembeni hata kama katikati pametulia. Na pumzi isipungue. Wengi wakishuka wanaliachia taya, kidevu kinavimba, hewa inakwisha, nota inatua kwa kishindo. Mimi huwaambia waongeze hewa kidogo wanaposhuka. Wakifanya hivyo, do inatoka nene na safi, na uso hautikisiki.

Kuna kipimo kimoja ambacho hakidanganyi. Juu ya tarumbeta pale karibu na vali ya tatu kuna ndoano ya kidole kidogo cha mkono wa kulia. Kitoe kidole hapo. Kisha fungua kiganja cha kushoto, chombo kikae juu yake bila kushikwa kwa nguvu, na upige so, do ya kati, so. Kuna kijana mmoja wa bendi yetu, mpigaji wa sauti ya kwanza, anayetegemewa kweli, nilimfanyisha hivi kwenye chumba cha kwaya.

"Mwalimu, do imekataa," akasema.

"Haijakataa. Mkono ndio ulikuwa unaipiga, sasa tumeuondoa."

Akanuna. Ilimchukua muda kukubali kupiga kwa sauti ndogo kiasi kile, maana mtu aliyezoea kushangiliwa barabarani anaona kama ameshushwa cheo. Lakini siku do ilipotoka ikiwa nyembamba na iliyonyooka, kidole kikiwa hewani, alinigeukia akacheka na kipulizio kikiwa bado mdomoni. Tangu hapo simfundishi mtu sauti za juu kabla hajapita kipimo hiki.

Mahali pa kufanyia mazoezi pia pana maana kuliko tunavyodhani. Vijana wanapenda kwenda ufukweni jioni, wasimame kwenye mawe waliangalie ziwa. Kwa picha, sawa. Kwa kuteleza kutoka nota hadi nota, hapana. Mchana na jioni upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, unakupiga usoni na kukausha midomo. Halafu ziwa halikurudishii sauti. Unapiga, sauti inakwenda zake upande wa Ukerewe, wewe unaona umepiga kidogo, unaongeza nguvu, na nguvu hiyo inaishia kwenye mkono. Ukiupenda sana ufukwe, nenda alfajiri. Vinginevyo jifungie kwenye chumba kidogo chenye kuta. Unajisikia mwenyewe kila kasoro, na hakuna wa kumfurahisha. Najua nyumba zetu za mlimani, Mabatini au Igogo, zimebebana, na jirani akisikia tarumbeta saa kumi na mbili asubuhi hatakuamkia vizuri. Weka khanga iliyokunjwa kwenye mdomo mpana wa tarumbeta, bila kuishindilia. Chombo kitakuwa kizito kidogo na sauti itapinda, lakini kwa zoezi hili si kitu.

Mpangilio wangu wa asubuhi ni mfupi. Naweka programu ya mapigo kwenye simu, mapigo 60 kwa dakika. Bila vali, natoka so kushuka do, kisha so kupanda do ya kati na kurudi, kila nota mapigo manne. Baadaye mawili, baadaye moja. Kisha naibonyeza vali ya pili, narudia yaleyale nusu toni chini, na kuendelea hivyo mpaka vali zote tatu. Huko mwisho bomba limekuwa refu na pumzi inakwenda polepole, usishangae ukihisi uzito. Ukibonyeza vali ya kwanza na ya tatu pamoja, au zote tatu, kumbuka kusogeza kile kibomba cha vali ya tatu nje kidogo, maana sauti huwa inapanda. Ndipo naongeza mi, na siku midomo ikiwa imeamka vizuri, so ya juu. Sijiwekei sharti la kufika huko kila siku.

Nikishapiga, napumzika kwa muda uleule niliopiga. Wakati wa kupumzika napiga mluzi wa zoezi lilelile, au naliimba kwa solfa, yaani kwa do, re, mi. Kuimba kunasaidia mno, kwa sababu wanaokosa nota nyingi huwa hawaisikii kichwani kabla ya kuipiga. Kwaya zetu zinasoma solfa kuliko kitu kingine chochote, sasa kwa nini wapiga tarumbeta waliomo humohumo waipuuze? Imba so-do-mi-do-so, kisha piga. Ukiweza kuliimba bila kuyumba, nusu ya kazi imekwisha.

Wenye tromboni, kwenu kuna jambo la ziada. Mkiwa kwenye nafasi moja, telezeni kama sisi. Mkisogeza mkono ndani ya ngazi moja ya sauti bila ulimi kabisa mtatoa ule mlio wa king'ora, kwa hiyo gongeni kwa ulimi laini, "la" au "da", wakati mkono unasogea upesi na hewa haikatiki. Wenye baritoni wana bomba la urefu wa karibu mara mbili ya tarumbeta, na wenye tuba refu zaidi, kwa hiyo wao ni pumzi nyingi na ya polepole. Mambo ya ulimi ni yaleyale.

Kuhusu kununua kipulizio kipya: watu huniuliza sana, na kila mara anayeuliza ni yule ambaye bado anakandamiza. Kipulizio chembamba kitakupa nota ya juu mapema kidogo na kukunyang'anya sauti ya chini. Subiri kwanza. Pesa hiyo nunua mafuta ya vali, yale halisi, usitie ya kupikia, yanaganda.

Turudi kwenye harusi, maana huko ndiko tunakopata nauli. Asubuhi ya Jumamosi piga mateleza ya chini kwa muda mfupi, halafu weka chombo kwenye mfuko. Kwenye pikapu gawaneni: wawili wakipiga sauti ya kwanza wimbo huu, wimbo unaofuata wachukue ya pili. Gari likifika penye mashimo, shukeni ngazi moja. Wanaocheza nyuma ya gari hawatajua, ngoma ndiyo inayowachezesha. Mkimaliza ukumbini msifungashe vyombo hapohapo. Teleza so-do ya chini kwa sauti ndogo kabisa mpaka midomo iache kutetemeka. Jumapili kabla ya ibada jaribu hiyohiyo, na kidole kidogo kikiwa nje ya ndoano. Kama so haitoki kwa sauti ndogo, mwambie kiongozi akupange sauti ya pili siku hiyo.