Mkienda kukaa na wanajeshi, kidaftari kibaki kwenye begi

Naandikia nyinyi wageni mnaotoka chuo na digrii ya saikolojia mnaingia jeshini mkifikiri mtapewa ofisi na kiti kizuri, askari waje walie mbele yenu. Sahauni. Mimi mwanzoni nilikaa siku tatu kwenye hema limeandikwa ushauri nasaha, hakuja mtu, isipokuwa kuruta mmoja aliyetaka panadol.

Jueni kwanza wanaogopa nini, na sio aibu tu, ni kuikosa safari. UPDF, jeshi letu la Uganda, liliingia Somalia 2007 kulinda amani, na ile hela ya misheni ndio mabati ya nyumba, ndio karo ya watoto. Sasa wewe unamkuta askari pale Singo, kambi ya mafunzo, anajiandaa kusafiri, unamletea fomu unamuuliza unalala vizuri, atakujibu nini? Nalala kama mtoto, afande. Siku ile nilikusanya fomu 40 na wote walilala kama watoto, nikaona hapa asiyelala ni mimi peke yangu.

Kosa langu kubwa lilikuwa kidaftari. Koplo mmoja ananieleza mwenzake alivyokufa pembeni yake kwenye msafara, bomu la barabarani, mimi nimeinama naandika. Baadaye ofisa mmoja akaniomba aone kidogo hali ya vijana, na kwa vile nyota zake zilizidi zangu nikampa. Posho, yani ugali, haijaiva jioni hiyo kombania nzima inajua. Yule koplo kwa miezi minne alinipigia saluti safi kabisa kila asubuhi, na neno lingine hakunipa.

Tangu hapo kabla mtu hajafungua mdomo namwambia: ukisema unataka kujiua ama kuua mtu, hiyo nitaipeleka juu, na wewe ndio utakuwa wa kwanza kujua kwamba naipeleka. Mengine yanabaki hapa. Msimwambie kila kitu ni siri, askari ameshadanganywa na watu wajanja kuliko nyinyi.

Halafu ongeeni Kiswahili bana. Jeshi limekitumia tangu KAR, lile jeshi la kikoloni la Mwingereza, huko nje raia wengi bado wanakiona lugha ya kutishwa na bunduki, lakini kambini ndio cha kazi na cha utani. Na msianze na majina ya magonjwa, uliza kichwa, tumbo, moyo kwenda mbio mlango ukigongwa. Mtu wa Acholi anaweza kukwambia ana cen, yani roho ya mtu aliyeuawa inamfuata. Usikimbilie kumsahihisha. Mmoja nilimuuliza tu, anakuja saa ngapi? Akanyamaza wee, akasema saa tisa usiku, anasimama mlangoni, hana viatu. Tukaongea mpaka chai ikapoa. Akaenda kwao wazee wakamkanyagisha yai kumtakasa, akarudi kwangu pia, sioni shida iko wapi.

Hema lenyewe achaneni nalo. Kaeni pale wanaposafisha bunduki ama wanapocheza omweso, yani bao, mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini mdomo unafunguka wenyewe, na mkifungwa mchezo chekeni. Mkipewa nafasi ya kulala nao kwenye mahandaki, laleni, mvua iwanyeshee wote.

Mgonjwa akizidi msitamke Butabika, hospitali ya wagonjwa wa akili, mbele ya wenzake, Uganda hii hilo jina watu wanalitumia kama tusi. Sema tunaenda hospitali, na uende naye, usimpe barua akaenda peke yake kama aliyefukuzwa.

Juzi kijana mmoja alikuja kwangu usiku, hakulala wiki nzima. Nikamuuliza nani kakutuma, akasema koplo wangu, kasema nenda kwa yule wa kidaftari, siku hizi haandiki. Koplo mwenyewe hajaja. Asubuhi tulipishana kwenye paredi, akanipigia saluti kama kawaida.